Wa Waya au wa Betri

Mafundi wakiniuliza wanunue msumeno wa waya au wa betri, huwa nawaambia wakamuulize muuzaji, yeye ndiye anayelipwa kwa kusema. Mimi nilishatoa ushauri wangu mara moja na ulinitosha.

Kaka yangu wanamwita Milimita. Ameshika mbao miaka ishirini na sita, na sijapata kuona mlango wake ukikwaruza sakafu. Akitaka kukata ubao anapima, anapima tena, anapuliza vumbi, halafu anapima. Wateja walikuwa wanachoka kumsubiri, lakini hawakumwacha. Mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa. Kazi alinifundisha yeye, ulimi nilizaliwa nao.

Msumeno wake wa zamani, ule wa mviringo wa kuchomeka ukutani, ulikuwa na waya ulioungwa mara nne kwa utepe mweusi. Alikuwa na tabia moja nao. Kila akitaka kugusa diski ya kukatia, iwe kuibadilisha au kutoa kibanzi kilichokwama kwenye meno, anachomoa plagi, anaivuta hadi pale alipo, anaitia kwenye mfuko wa kifuani wa aproni. Halafu anaugonga mfuko kwa kiganja, mara mbili, ndipo anapeleka vidole. "Plagi ikiwa kwangu, hakuna wa kuichomeka," alikuwa akisema. Tulimcheka sana. Tulisema anaubembeleza msumeno ulale. Hakujali, na vidole vyake kumi alikuwa navyo, jambo ambalo mafundi wachache wa rika lake wanaweza kujisifia.

Siku msumeno ule ulipoungua tukaenda dukani pamoja. Muuzaji akatuwekea miwili mezani. Wa waya ulikuwa mzito, hauchoki, unakata mbao ngumu kutwa nzima mradi umeme upo. Wa betri ulikuwa mwepesi, unapanda nao juu ya paa, na ulikuja na betri mbili, moja ikichoka unapachika nyingine. Kaka akaushika wa waya, akaupima uzito mkononi, akaufuata waya wake kwa vidole mpaka kwenye plagi. Nikajua ameshachagua. Na alikuwa na haki, kazi zake ni za karakanani, milango na makabati, soketi iko hatua mbili kutoka mezani kwake. Lakini msumeno tulikuwa tunautumia sote wawili, na aliyeutaka wa betri ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa napanda mapaa ya watu, mimi ndiye niliyechoka kuburuta waya wa ekstensheni kwenye matope.

Lakini sikusema hivyo. Ningesema hivyo angekubali, yule mtu hana choyo. Nilichosema, mbele ya muuzaji na wateja watatu, ni hiki: "Kaka, bado unataka kufungwa kamba kama mbuzi? Wenzako walishatoka zizini."

Watu wakaangua kicheko. Muuzaji naye akadakia kwamba wa waya siku hizi unanunuliwa na wazee. Kaka akacheka pia, kicheko cha mtu asiyejua pa kuuweka uso wake, akausukuma wa waya pembeni. "Haya, tufungie huo wa betri," akasema. "Mdogo wangu asije akanikana mbele za watu."

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Betri ya akiba ilihitaji pa kukaa, naye akaiweka kwenye mfuko wa kifuani wa aproni, kwa sababu sasa mfuko ule haukuwa na kazi. Niliiona pale kila siku. Niliiona, na mimi mwenye maneno mengi sikuwa na neno.

Ilikuwa saa nne asubuhi, tunatengeneza kabati la nguo. Kibanzi kikakwama kwenye meno. Kaka akauinua msumeno, akaugonga mfuko kwa kiganja, mara mbili. Ndani mlikuwa na kitu kigumu, na kiganja kikaridhika kama kilivyoridhika miaka yote. Ile ilikuwa betri ya akiba. Betri yenyewe ilikuwa bado imo kwenye msumeno. Akasogeza kifuniko cha diski, akapeleka mkono wa kushoto, na ule wa kulia, ambao bado ulikuwa umeshika mpini, ukabana pale pa kuwashia. Vidole vitatu. Sielezi zaidi ya hapo.

Watu walikuja na "ajali haina kinga" yao. Nilitamani kuwafukuza. Kinga ilikuwepo, ilikuwa na waya wa mita tatu, na mimi niliicheka mpaka ikaachwa dukani.

Nilimsubiri anitukane. Hospitali hakunitukana, nyumbani hakunitukana. Sasa ubao hautulii mkononi mwake, kwa hiyo yeye anapima na kuchora mstari kwa penseli, mimi nakata. Kazi yangu haifanani na yake. Wateja wanaona, wanalipa kwa adabu. Heri angenipiga. Mtu akikukasirikia unajua pa kuanzia kuomba msamaha.

Mwezi wa pili baada ya ajali mama akaja kumwona. Bandeji ilikuwa imeshatolewa. Tulikaa sebuleni sisi watatu, mama akaushika mkono ule, akaugeuza huku na huku, machozi yakimlengalenga.

"Hebu niambie, mwanangu. Nani alikushauri ununue kitu kile?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kaka akanitangulia.

"Hakuna, mama. Nilikiona nikakipenda mwenyewe. Huyu mdogo wangu alinikataza, aliniambia nichukue wa waya. Sikumsikia."

Mama akauachia mkono wa kaka, akaushika wangu, wenye vidole vitano. "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Kumbe na mkuu naye asikie la mdogo. Asante, mwanangu. Wewe ulijitahidi." Kisha akamgeukia kaka, kwa ukali ule wa tulipokuwa watoto: "Kuanzia leo usinunue hata msumari bila kumuuliza mwenzako."

"Nitamuuliza, mama," kaka akasema.

Nilingoja anitazame, hata kwa jicho la chuki. Alikuwa anatazama sakafu. Mama bado alikuwa ameushika mkono wangu, anaupapasa, anangoja niseme kitu.

"Usijali, mama," nikasema. "Nitamwangalia."