Upondo Mfupi wa Ziwa Rukwa

Asubuhi moja niliondoka Ndalambo bila mpango. Nilikuwa nimechoka kukaa. Homa ya mwaka uliopita iliniacha hai, lakini mguu wa kushoto haukurudiwa na nguvu. Kabla ya kuugua nilinuia kuvuka Ziwa Rukwa nikiendesha mtumbwi mwenyewe, na nia hiyo haikupona wala kufa. Mchuuzi wa chumvi wa Ivuna akanipakia kwenye keria ya baiskeli yake, mkongojo mapajani.

Kesho yake jioni tukafika ziwani. Mwenye mtumbwi, Silwimba, aliutazama mguu wangu. "Kaa na magunia, kaka. Nitakuvusha."

"Nataka kuendesha mimi."

Akacheka. "Huku tunasukuma mtumbwi kwa upondo, mti mrefu wa kugusa chini ya maji, tukiwa wima. Wewe hata nchi kavu unayumba!"

Dada yake, Namonga, aliyelemaa miguu yote tangu utotoni, alikuwa ameketi akianika samaki. Akadakia, "Na mimi umenipakia na magunia miaka yote. Umewahi kuniuliza kama naona kitu zaidi ya visigino vyako?"

Silwimba akachuchumaa kando yake. "Basi kesho mtaketi mnapoona."

Kulipokucha alikifunga kigoda cha dada yake nyuma ya mtumbwi kwa kamba za magome. Nilipotaka kujifunga kiunoni, Namonga alinipiga kofi mkononi. "Funga kigoda, si mtu! Mtumbwi ukizama uzame nao?"

Upondo ulikuwa mrefu mno kwa mtu aliyeketi; mara mbili nusura unitupe majini. Silwimba akashika panga, akaukata usawa wa bega langu.

"Umeharibu upondo wako," nikasema.

"Si wangu tena. Ila kuvuka sahau. Katikati hautafika chini. Fuata matete."

Nikafuata matete. Namonga aliketi mbele kwenye kigoda cha pili, akipaza sauti, "Kushoto, kiboko yule! Kushoto, nimesema!" Silwimba alijikunja kati ya magunia, akilalamika miguu imekufa ganzi.

"Ndivyo ilivyo huko," dada akamjibu bila kugeuka.

Jua likishuka tulifika kijiji nisichokijua, kwa mama anayelaza wenye mitumbwi. Pondo za wageni wake zilisimama ukutani, ndefu zote. Akaupokea wangu, akashangaa. "Huu wa mtoto?"

"Wa mwendeshaji," Silwimba akasema, akijikanda magoti. "Mimi leo nilikuwa mzigo."

Mama akausimamisha kati ya zile ndefu, kisha akanionyesha mkeka wangu.