Gari la Mzee Mabula Limepoteza Mtandao

Mzee Mabula alikuwa dereva kabla hajawa mume wa mtu. Specioza, mkewe, alimjua akiwa hivyo: Msukuma mrefu mwenye kicheko kikubwa, akishuka kwenye lori la tumbaku lililotoka Katumba, kandambili miguuni na kitambaa cha jasho shingoni. Aliyabeba mabelo ya tumbaku hadi Tabora miaka nenda miaka rudi, masika na kiangazi, wakati barabara ile ilikuwa bado haijaonja lami. Lori likizama kwenye tope, wenzake walilala wakisubiri trekta. Yeye alikata matawi, akayatandika chini ya magurudumu, akatoka. Mpaka leo wapo watu Mpanda mjini wanaomwita Dereva tu, jina hawalijui.

Kwa hiyo maradhi yalipoanza, mkewe hakuyatambua upesi. Mzee akisahau alikoweka miwani, nani atasema ni mgonjwa? Akirudia hadithi ile ile mara mbili mezani, si ndivyo wazee walivyo? Mpaka siku alipokwenda Kasokola kumsalimia binamu yake, akarudishwa na watu. Walimkuta amesimama njia panda, mlango wa gari wazi, anawauliza wapita njia lilipo ghala la tumbaku. Ghala lenyewe lilikuwa limebomolewa zamani, na wala halikuwa Kasokola. Daktari alimpima, akamwita Specioza pembeni, akamwambia kwamba akili ya mzee inachakaa polepole na haitarudi. "Na kuendesha gari, mama, aache."

Gari lilikuwa la binti yao, Minza. Alikuwa mhandisi wa maji Dodoma, na alipopata nafasi ya kwenda kusoma Korea alilileta gari lake la umeme nyumbani kwao Nsemulwa, Mpanda mjini, akafunga chaja ukutani chini ya banda la mabati, akamwambia baba yake, "Baba, nitunzie mpaka nirudi." Wakati huo hakuna aliyejua kitu kuhusu maradhi. Mabula alilizunguka, akafungua boneti, akatazama ndani, akaguna. Hakuna injini aliyoijua. Lakini alilipenda kwa ukimya wake. "Linakwenda kama paka," alisema.

Baada ya maneno ya daktari, Specioza aliuficha ufunguo ndani ya ndoo ya unga. Mabula akautafuta. Akapindua magodoro, akamwaga makabati, akafukua hadi kwenye jalala la nyuma ya nyumba. Mwisho akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto, kwa sababu aliamini ni yeye mwenyewe aliyeupoteza, na kwamba sasa hata ufunguo wa mwanawe hawezi kuutunza. Specioza hakuvumilia. Aliuchomoa kwenye unga, akaufuta kwa kanga, akaurudisha kwenye msumari wake ukutani, akajifanya kashangaa. "Mbona uko hapa hapa, Baba Minza?"

Ndipo Minza akapata njia nyingine. Gari lile liliweza kufungwa kwa simu. Mama akigusa kwenye simu yake, gari lingelala, hata mzee awe na ufunguo mfukoni. Tatizo lilikuwa moja. Laini iliyokuja na gari ilikuwa ya ng'ambo na hapa haikushika kitu, hivyo gari lilitegemea waifai ya nyumbani. Likiwa limeunganishwa, linamtii mama. Likipoteza mtandao, linarudi kuutii ufunguo.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Mabula alikunywa chai, akachukua ufunguo, akakaa kwenye usukani. Akibonyeza, gari kimya. Specioza akiulizwa alijibu kwa sauti ya kawaida, "Limegoma tena, Baba Minza. Magari haya ya siku hizi!" Naye mzee alishuka, akafungua boneti, akainamia mle ndani asimotambua kitu, akagusa waya huu na ule mpaka jua likawa kali. Halafu alirudi ndani.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Kisha gari likaanza kupotea mtandaoni. Specioza alikuwa akitazama simu anakuta maandishi kwamba gari halipatikani. Anakimbia nje, analikuta lipo bandani, limetulia. Analiunganisha upya kwa kuandika pasiwedi kwenye skrini, linashika. Kesho yake limepotea tena.

"Zima rauta, mama, halafu uiwashe," Minza alimwambia kwa simu ya video. Alikuwa amejifunika blanketi, huko Korea ni baridi.

"Nimezima jana na juzi. Nimezima mpaka imechoka."

"Labda umeme ulikatika."

"Umeme upo, Minza. Taa zinawaka, friji inanguruma. Gari ndiyo haitaki."

Waliihamisha rauta kutoka sebuleni, wakaiweka dirishani inapotazamana na banda. Ikasaidia siku moja. Minza akasema mabati ndiyo yanayozuia mawimbi, basi Specioza akamwomba jirani alisukume gari nje ya banda, chini ya mpapai. Ikasaidia siku mbili. Wakabadili jina la mtandao, wakabadili pasiwedi, wakaweka saa ya gari iende sawa na saa ya Tanzania kwa kuwa Minza alisoma mahali kwamba saa ikikosewa mtandao unakataa. Kila dawa ilifanya kazi, kisha ikaacha. Specioza alianza kuogopa kwenda dukani kwake sokoni, alikokuwa akiuza vitenge. Akienda, alikuwa akitazama simu kuliko wateja. Usingizi ulimpungua, na akiulizwa na wenzake alisema ni presha.

Mwishowe akamwita Nathanael, fundi aliyewafungia intaneti. Nathanael alikuja na pikipiki yake, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Alikaa ndani ya gari na simu yake mkononi.

"Simu yangu hapa inashika vizuri kabisa, mama. Mawimbi yamejaa."

"Sasa kwa nini gari inakosa?"

Nathanael alibonyeza skrini, akatazama orodha ya mitandao. Mitandao ya majirani ilikuwamo, na wa kwao ulikuwamo, ukiwa na nguvu kuliko yote. Lakini alipougusa, gari likaomba pasiwedi, kama mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza.

"Lilikuwa limeunganishwa leo?"

"Asubuhi, mimi mwenyewe."

Nathanael akamgeuzia skrini. "Mama, mtandao ukikatika, gari inaukumbuka, ukirudi inajiunga yenyewe. Hii haijakatikiwa. Hii imeambiwa isahau. Kuna sehemu humu, ukiingia, unaiambia gari isahau mtandao fulani. Haitokei kwa bahati mbaya. Unaulizwa kwanza kama una uhakika."

Specioza aligeuka kuangalia nyumba. Mabula alikuwa amekaa barazani, redio mapajani, anatazama upande mwingine. Alikuwa akitazama upande mwingine kwa makusudi kabisa.

"Usimwambie Minza," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaongea naye mwenyewe, huyu mzee."

Lakini hakuongea. Jioni alitafuta maneno akayakosa. Angeanzia wapi? Kumuuliza kwa nini anaufuta mtandao ni kukiri kwamba gari halikuwa limegoma hata siku moja. Akajiambia ataongea kesho baada ya misa. Kesho yake, Jumapili, aliunganisha gari, akalifunga kwa simu, akaona alama ya kufuli, akaenda kanisani. Mzee alikuwa bado kitandani, au alionekana hivyo.

Aliporudi, geti lilikuwa wazi na chini ya mpapai palikuwa peupe.

Simu ilisema gari halipatikani. Alimpigia mumewe, simu ikaita mpaka ikakata. Alimpigia Nathanael, akaja mbio, wakaelekea Kasokola kwa kuwa ndiko alikopotelea mara ya kwanza. Specioza alipanda pikipiki na kitenge chake cha kanisani, anauliza kila aliyekutana naye: mmeona gari jeupe, dogo, halina sauti? Hakuna aliyeliona. Minza alikuwa akipiga na kupiga, anaona kwa simu yake huko aliko kwamba gari limetoweka, na Specioza hakupokea. Angemwambia nini?

Kisha simu ikaita, jina la Mabula likatokea. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Wewe ndiye Mama Minza? Mimi naitwa Joséline, niko Katumba. Mzee wako yuko hapa kwangu. Ni mzima. Njooni tu."

Walimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kikombe cha maji mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Gari lilikuwa limeingia mtaroni, magurudumu ya mbele chini, nyuma juu. Kati ya barabara na mtaro palikuwa na turubai kubwa lililoanikiwa mahindi. Alama za matairi zilikuwa zimepita katikati yake, mahindi yamesagikia kwenye udongo.

Joséline alikuwa mama wa umri wa Specioza, mzaliwa wa hapo hapo Katumba, wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Alimshika Specioza mkono, akamvuta kando.

"Huyu tunamfahamu. Zamani alikuwa anabeba tumbaku ya baba yangu. Amefika hapa anamuuliza Ngolo, utingo wake. Nimemwambia Ngolo amekufa zamani. Amelia, halafu ameniuliza tena." Akaliangalia turubai. "Dada, sitaki kukuumiza. Lakini wajukuu zangu walikuwa wamekaa hapo juu ya mahindi, wanafukuza kuku. Ndiyo kwanza nilikuwa nimewaita waje kula. Hiyo gari haina sauti. Hatukuisikia inakuja."

Specioza alitaka kusema pole, samahani, asante, yote kwa pamoja. Akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani. Watoto walikuwa mlangoni, midomo ina ugali, wanamshangaa.

Vijana wa kijiji walilitoa gari mtaroni, na Nathanael akaliendesha polepole kurudi mjini. Mabula na mkewe walikaa kiti cha nyuma. Walipoanza kuziona nyumba za mjini, mzee akasema, kwa sauti yake ya zamani, iliyotulia, isiyo na ukungu:

"Ni mimi niliyekuwa nafuta ule mtandao."

"Najua, Baba Minza."

"Siku moja nilikaa mle ndani, skrini ikaniandikia. Imeandika gari limefungwa na Specioza. Jina lako, kabisa." Alijitazama mikono. "Wewe ukaniambia limegoma. Mimi mwezi mzima nainama kwenye boneti natafuta ubovu. Nikasema, basi, hata gari sijui tena. Nimekwisha. Kumbe gari ni zima, ni mke wangu ananidanganya."

"Niliogopa. Ule ufunguo ulivyokuliza..."

"Ungeniambia. Siku nyingine mimi nipo, Mama Minza, siku nyingine sipo, najua. Siku ambayo nipo, niambie kama mtu mzima." Akageuza uso dirishani. "Wale watoto. Amekuambia kuhusu wale watoto?"

"Ameniambia."

"Mimi sikuwaona. Hata kama wangekuwapo nisingewaona." Specioza akamlaza kifuani pake mpaka wakafika.

Siku iliyofuata Mabula mwenyewe alikaa kwenye gari na kuandika pasiwedi, herufi moja moja, kidole kinatafuta. Alimpigia Minza akamwambia kwa mdomo wake kwamba ameacha kuendesha. Minza alilia, akasema atawaomba walimu wake arudi mapema. Specioza alirudi Katumba na magunia ya mahindi, na Joséline akayapokea, wakakaa wakala pamoja.

Lakini ahadi ya Mabula haikudumu kichwani mwake. Baada ya muda alichukua tena ufunguo, akabonyeza, akauliza kwa nini gari haliwaki. Specioza alisimama mbele yake akamwambia ukweli. "Nimelifunga mimi. Unaumwa, daktari amekataza, na ulikaribia kuua watoto Katumba." Alimwona akipokea habari ile kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia, uso unakunjika, haya na hasira pamoja. Akamtukana kwa Kisukuma, akatupa ufunguo uani. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Uongo ulikuwa mwepesi kuliko hili. Kila asubuhi alimvunja moyo mumewe upya, halafu akakaa naye mpaka atulie. Siku nyingine mzee alikumbuka mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo, tulikubaliana," na siku hizo Specioza alizihesabu kama zawadi.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja Mabula alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini, akabaki amekaa. Specioza alisubiri. Maneno alikuwa ameshayaandaa mdomoni. Mzee hakuutazama ukuta wenye ufunguo, hakuuliza gari, hakuuliza kitu. Akamuuliza kwa upole tu kama mvua itanyesha tena, na alipojibiwa akamshukuru, akamwita mama, si Mama Minza, kama mtu anavyomwita mwenye nyumba aliyemkaribisha.

Specioza alivichukua vikombe akaenda kuviosha. Aliviosha muda mrefu, maji yakimwagika, akiomba kimoyomoyo kwamba kesho mzee amgombeze tena.