Gari Lililougua kwa Mwendo wa Pole

Ndugu yangu anayenifuata alikuwa na gari la michezo, jekundu, lililokaa chini kama bata anayeatamia. Alilinunua likiwa limeshawachosha watu wengine. Mbio lilikuwa nazo. Subira ndiyo halikuwa nayo. Giaboksi yake ilikuwa na klachi mbili zinazopokezana zenyewe, na klachi hizo zilitaka ama gari liende, ama lisimame. Likijikokota kwenye foleni ya Ruiru, zilipata moto, taa ya gia ikawaka, gari likagoma. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wahenga hawakuliona gari hili.

Tulimwambia aliuze. Mimi nilimwambia kila Jumapili nikila chakula chake nyumbani kwake, kule Landless. Hata fundi wake wa Ruiru, aliyelishwa na gari hilo, alimwambia, "Buda, si uuze hii kitu upumzike?" Yeye alitabasamu, akaenda kutafuta klachi nyingine. Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Kisha akapata mchumba, msichana wa Gatuanyaga. Baba wa msichana hakumtaka ndugu yangu, wala hakuficha. Binti yake wa kwanza aliolewa na kijana mwenye gari la kung'aa, akarudishwa nyumbani akiwa na mtoto mgongoni bila hata kuambiwa kosa lake. Mzee alisema tuje na ruracio, tulete mbuzi wetu wa mahari, lakini neno lake atalitoa siku hiyohiyo, akishamtazama kijana vizuri.

Nilimsihi ndugu yangu aje ndani ya pikapu pamoja na mbuzi.

"Siwezi enda kwa watu nimejificha, sista," alinijibu. Nilimkasirikia njia nzima.

Kwetu wageni wa mahari hawaingii hivihivi. Wanawake wa boma hufunga geti. Wageni huimba nje wakiomba kufunguliwa, na wenyeji hujibu kwa wimbo kwamba hawawajui. Tuliimba, geti likafunguliwa kidogo, ndugu yangu akasogeza gari kidogo. Likafungwa. Tukaimba tena, akasogeza tena. Angezima injini angoje, kama fundi alivyomfundisha, lakini aliona ni utovu wa adabu kuzima gari wakwe wakiimba. Na wakwe walikuwa na sauti nzuri, tena hawakuwa na haraka.

Nilisikia harufu ya kuungua kabla wimbo haujaisha. Gari liligoma katikati ya geti, pua ndani, mkia nje. Tulilisukuma, lakini gia zilikuwa zimeshikana. Ng'ombe wa mzee, waliokuwa wakirudi kunywa maji, walisimama nyuma yetu wakituangalia.

Mzee akaja na fimbo yake.

"Kijana, ni nini mbaya?"

"Klachi zimeshika moto, baba. Nimezichoma mimi mwenyewe, kwa kusogeasogea. Inataka kupoa."

"Ikipoa?"

"Itaenda."

"Na itaharibika tena?"

"Itaharibika."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu amekuja kuomba msichana, na hata kudanganya kidogo hawezi.

"Umekaa nayo sana?"

"Miaka, baba."

"Na hujauza. Kwa nini?"

"Naipenda. Halafu sasa nimeshajua vile inagonjekanga."

Mzee aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi kwa sababu ya moto. Kisha akaagiza viti viletwe hapohapo getini. Tuliketi vumbini, wazee wa pande mbili, sisi na ng'ombe, na gari letu katikati. Msemaji wetu alisimama kuanza hotuba aliyoiandaa wiki nzima. Mzee akamwashiria akae.

"Huyu msichana wangu mnamwona akicheka tu," alisema. "Akikasirika haendi mbele, harudi nyuma, na hapana fundi. Mimi nilikuwa naogopa mtu wa kumrudisha hapa ile siku ya kwanza atasumbua. Huyu kijana nimempatia."

Kutoka jikoni msichana alipaza sauti kwamba amesikia. Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Ndugu yangu aliinama akajifanya anakagua gurudumu, mabega yakimtikisika. Nilikwenda nikainama kando yake, tukalikagua pamoja.