Siku Jiwe Langu la Kilo Tano Lilipotupwa Ghalani

Nimeamua kuisimulia mwenyewe aibu yangu, maana sokoni inasimuliwa kila siku na watu ambao hata hawakuwepo, na kila wakiisimulia jiwe linazidi kuwa jepesi (juzi nimesikia limefika kilo mbili na nusu, uongo mtupu), sasa bora niaibike kwa kipimo sahihi. Mimi ni Mama Tumpe, nauza maharage hapa Mbeya mwaka wa saba huu, na ugonjwa wangu mtaa mzima wanaujua, ni udadisi. Jirani akinunua kitasa kipya lazima nijue cha zamani kilipatwa na nini.

Basi mwezi wa tatu, mvua imetufungia ndani, binti yangu akaweka mashindano ya riadha ya dunia kwenye televisheni. Kilichonishangaza kwanza ni paa. Watu wanakimbia ndani ya jumba, taa zinawaka, hakuna tope wala upepo. Cha pili ni wale wanawake wenyewe, maana yule yule uliyemwona anaruka viunzi, ukirudi kutoka jikoni unamkuta anaruka juu, ukienda kuonja mboga anatupa tufe, halafu anaruka chini kwenye mchanga, na mwisho wa yote, saa ambayo mimi ningekuwa nimeshalazwa, anakimbia mita mia nane. Tena aliyemaliza wa tano kwenye hizo mbio ndiye aliyelala chini akilia kwa furaha, ndiye akafunikwa bendera. Nikasema hapa kuna dhuluma, na sitakula nikashiba mpaka niijue.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu Ester, mwalimu wa michezo aliyehamia mtaani kwetu kutoka Iringa mwezi wa kwanza (huyu hakuwahi kununua maharage kwangu, anatumiwa na mama yake kutoka kwao). Akanieleza kwamba kila mchezo una pointi zake, ukiruka juu zaidi unapata zaidi, ukitupa mbali unaongezewa, mwisho zinajumlishwa zote, kwa hiyo unaweza kushindwa mbio na bado ukawa bingwa. Nilimuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Tukaishia kukubaliana kwamba siku ya akina mama ya usharika wetu, badala ya kuvuta kamba na kukimbia na yai kwenye kijiko kama kila mwaka, tufanye michezo mitano, tena ndani, kwenye lile ghala la mahindi ambalo miezi hiyo huwa tupu.

Viunzi vikawa matenga ya mama mmoja anayefuata nyanya Ilula. Pa kuangukia tukaweka magunia ya pumba. Likabaki tufe. Mwalimu akasema la wanawake ni kilo nne, na la shuleni kwake halionekani, kwa hiyo tutafute kitu chochote cha chuma kinachokaribiana. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Nikasema mimi nina jiwe la mizani la kilo tano, la duara, linakaa vizuri kiganjani. Akasema kilo tano ni nzito kwa akina mama. Nikamjibu kwamba mama asiyeweza kilo tano akae nyumbani abebwe mgongoni. Mdomo uliponza kichwa.

Siku ikafika, ghala limejaa, mchungaji yupo, wanakwaya wapo, waume zetu wamejipanga ukutani kutucheka. Sitawachosha na viunzi (tenga moja nilimaliza nalo, lilikuwa limeingia mguuni) wala kuruka juu (niliruka, na kamba ikaja na mimi). Nilikuwa wa pili kutoka mwisho lakini sina wasiwasi, nasubiri tufe, kwa sababu mkono uliolinyanyua lile jiwe miaka saba ungempa nani shida kama si wenzake. Nikalisukuma likaenda mbali, watu wakapiga vigelegele. Ila na wenzangu nao wakalisukuma mbali, hata mama mchungaji, ambaye mkoba wake wa Biblia tu huwa anapokewa mlangoni.

Mwalimu akaanza kukunja uso. Hakuwa na ubaya wowote, yule naye ni mdadisi, ndiyo maana tulipatana. Mle ghalani kuna mizani ya kupimia magunia, akaliweka jiwe juu yake, akainama kusoma, akapuliza filimbi kwa furaha.

"Jamani mama zangu, tulieni kidogo. Kumbe jiwe la Mama Tumpe ni kilo nne kamili, sawasawa na tufe la mashindano ya dunia. Matokeo yetu ni halali kabisa."

Akapiga makofi. Alipiga peke yake, maana akina mama wote mle ndani, ukimwondoa yeye, walikuwa wateja wangu.

Ningenyamaza pengine mchungaji angesimama akaomba, tukaendelea. Lakini mimi nikasema mizani hiyo mbovu. Mama Eliza, mwenye duka la mchele hapo ng'ambo ya barabara, akaenda zake polepole akarudi na jiwe lake la kilo tano, likapimwa, likasoma tano. Nikasema basi langu limepungua kwa kutupwatupwa. Hapo wanaume wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi bado sijatosheka, nikasema mizani ya magunia haijui vitu vidogo, ileteni mizani ya sahani. Ikaletwa, jiwe la Mama Eliza upande huu, langu upande ule, na siku nzima hakuna aliyeruka juu vizuri kama jiwe langu. Mwalimu alipoligeuza, chini tukakuta tundu limezibwa kwa udongo na kupakwa rangi nyeusi.

Sasa mtaniuliza, ulikuwa unajua? Ninyi ni rafiki zangu, nitasema. Jiwe nililinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama, akaniambia, "Hili usilibadilishe dada, litakulea." Sikumuuliza kwa nini. Gunia langu lilikuwa linauza kilo nyingi kuliko nilizonunua, nikasema ni baraka. Mimi ninayedadisi kitasa cha jirani, miaka saba sikuwahi kuligeuza jiwe langu mwenyewe niangalie chini yake. Kwa hiyo sikujua, ila nilijitahidi sana kutojua.

Wengine walinung'unika, wengine wakanitazama tu. Hao niliwaweza. Aliyenimaliza ni Bibi Ambwene, anayelea wajukuu wanne peke yake na kila wiki mbili huchukua kwangu kilo tano. Alikuwa amekaa mbele, juu ya gunia. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesalimia:

"Mama Tumpe, mimi nilikuwa namshukuru Mungu. Nilijua nguvu zimerudi, maana maharage ya kwako nafika nayo nyumbani bila kupumzika."

Nililia mbele ya waume za watu. Nikataka kuondoka, Mwalimu akanishika mkono (maskini, alikuwa amejuta kuliko mimi) akaniambia imebaki michezo miwili na anayeondoka katikati hana matokeo. Kwa hiyo niliruka chini, kisha nikakimbia zile raundi kulizunguka ghala, na kila nikipita nakutana na sura zile zile, huyu nilimpimia Jumatatu, huyu nilimpimia kwa ajili ya msiba wa mumewe. Nilipomaliza nikalala chini, ndipo nilipoelewa mwanamke anaweza kulala chini baada ya mbio hizo, ila yule wa kwenye televisheni na mimi hatukulalia kitu kimoja.

Jumatatu niliweka mezani jiwe jipya lenye mhuri, nikatangaza kwamba kila niliyempimia kwa lile la zamani aje nimwongezee mpaka roho yake iridhike. Walikuja, na wengine ambao sijawahi kuwaona pia walikuja, nikawapa wote. Bibi Ambwene alikuja wa mwisho. Ya kuongezewa akakataa, akasema atayachukua kidogo kidogo, kwa leo nimpimie tu kilo tano zake. Nikapima mbele ya macho yake, sahani zikalingana, nikafunga mfuko. Akaushika, akaunyanyua, akatembea mpaka kwenye kona ya wauza ndizi, akautua. Akavuta pumzi, akaubeba tena, hakufika mbali, akautua tena.

Nikaacha meza bila mtu, nikamkimbilia, nikauchukua ule mfuko. Tukapanda kile kilima cha kwake, na mimi mkono ukiniuma nikabadilisha wa pili. Mlangoni akanipokea, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Kumbe sikuwa nimepona." Tangu siku hiyo kila wiki mbili nampelekea mwenyewe. Kuhusu vitasa vya jirani, nimeapa sitauliza tena kabla sijageuza na kuangalia kila kilichopo mezani kwangu.