Ng'ombe Saba Zizini kwa Yunis

Kama ungetaka kumkasirisha Yunis, ungemwambia hajui kunyamaza. Alizaliwa Bukima, kando ya ziwa, kwenye nyumba ya watu wanaoongea kutoka alfajiri mpaka usingizi unapowakata kauli, na mwenyewe alikuwa na mdomo usio na breki. Aliolewa na Mwandu, mkulima wa pamba upande wa Butiama, mtu mpole wa maneno machache, na kwa miaka thelathini na tatu aliongea kwa niaba yake na ya majirani wote. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Yunis hakulisema hata kwa dada yake wa tumbo moja, na ndilo lililomfikisha pabaya.

Zizini kwake kulikuwa na ng'ombe saba. Kila aliyepita njiani aliwaona, na kila aliyewaona alijua ni wa marehemu Mwandu, basi sasa ni wa mjane wake. Si kweli. Walikuwa wa Apolinary, rafiki wa Mwandu wa tangu ujana. Huyu Apolinary alikwenda machimboni akapata dhahabu kidogo, akanunua mitamba miwili, kisha akarudi kijijini akilia kwamba ametoka mikono mitupu. Hakutaka kaka zake wajue. Hata mkewe hakutaka ajue. Mitamba akamwekesha Mwandu, kama wafugaji wa huko wanavyowekeshana: mtunzaji anakamua maziwa, anapata samadi, na siku ng'ombe wakiondoka anaachiwa ndama wa asante. Sharti lake moja, na hilo halina mchezo: mtunzaji hasemi ng'ombe ni wa nani.

Mwandu alipougua, neno la mwisho la maana alilomwachia mkewe lilikuwa hilo hilo. "Wale ng'ombe, usije ukasema." Akafa. Yunis akabaki na mitamba iliyokwisha kuwa ng'ombe saba, pamoja na wajukuu wawili wa kike, Rebeka na Justina, walioachwa na binti yake aliyefariki.

Mwaka ule mvua ilikatika pamba ikiwa bado magotini. Mahindi hayakubeba. Maziwa yalikuwepo, ndiyo, lakini kwa kiangazi kile ng'ombe wawili tu ndio waliokuwa wakikamuliwa, na kilichotoka hakikujaza hata chupa ya chai. Nyumba ikashuka mpaka mlo mmoja kwa siku. Rebeka, aliyekuwa darasa la sita, akaanza kubaki nyumbani siku za kukata majani ya mifugo ya watu kwa kibarua. Ndipo ikasikika kwamba Serikali inaandikisha kaya zenye hali ngumu, walengwa watalipwa ruzuku ya kujikimu, na watoto lazima waende shule. Yunis alifurahi akaimba.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mwezeshaji aliyetoka wilayani, kijana mwenye adabu aitwaye Gody, alisoma jina moja moja, na wananchi wakasema kama wanalikubali. Jina la Apolinary lilipita kama maji. "Huyo hana hata mbuzi!" watu walisema, na Apolinary akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Lilipofika la Yunis, sauti ikatoka nyuma.

"Huyo ana ng'ombe saba! Mnataka kumlisha tajiri?"

Gody akamgeukia. "Bibi, shikamoo. Hao ng'ombe ni wako?"

Yunis akamtazama Apolinary. Apolinary alikuwa anatazama viatu vyake. Hapo wengi wetu tungeshamtaja, tena na jina la baba yake.

"Marahaba. Wako zizini kwangu," Yunis alisema, akakaa.

Jina likakatwa. Orodha ingebandikwa kwenye ofisi ya kijiji kwa wiki mbili, mwenye malalamiko ayalete, kisha mkutano wa pili uithibitishe. Yunis alirudi nyumbani na wajukuu wake akiwa kimya njia nzima, na Justina, aliyekuwa hajawahi kumwona bibi yake hivyo, akamuuliza kama anaumwa.

Kesho yake alimfuata Apolinary shambani, wakiwa wawili tu.

"Shemeji, njoo uchukue ng'ombe zako."

"Vumilia kidogo, shemeji. Majina yakishapita nitakuja. Si unakunywaga maziwa bure?"

Bure! Yunis, aliyechunga ng'ombe wale akiwa na homa, aliyeuza kitenge chake cha harusi kununua dawa ya kuwaogesha wasishikwe na kupe, aliambiwa bure. Alimpa siku saba na akaondoka kabla mdomo wake haujamponyoka.

Siku saba zikapita, Apolinary haonekani. Siku ya nane, saa nne asubuhi, Yunis akafungua zizi. Hakupita njia ya mtoni yenye vichaka. Alipita barabarani, mbele ya shule, mbele ya mashine ya kusaga, mbele ya kanisa, fimbo mkononi, ng'ombe saba mbele yake.

"Bibi Yunis, unapeleka mnadani Bunda?"

"Napeleka nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Yunis akawaswaga ng'ombe. Watu wa mashine wakaacha mahindi yao wakamfuata.

Tabitha, mke wa Apolinary, alikuwa uani anaanika udaga wa muhogo. "Dada, umepotea njia? Ng'ombe za nani hizi?"

"Muulize mwenye mji."

Mwenye mji alitoka, akawaona ng'ombe, akawaona watu, na kazi ya kuwaza uongo ikamshinda. Tabitha akawazunguka wanyama wale mmoja mmoja polepole. Kwa miaka mitano alikuwa akila ugali wa udaga na mboga za majani huku akimhurumia mumewe.

"Shemeji," Apolinary alinong'ona, "tuliahidiana."

"Tuliahidiana ninyamaze. Nimenyamaza. Waulize hawa wote kama kuna mtu nimemtajia jina lako. Hatukuahidiana nikae nao mpaka nife na wajukuu wangu."

Tabitha hakumruhusu mumewe ajibu. "Aliyetunza miaka yote hii anaachiwa ndama. Wewe umempa nini?"

"Ndama sitaki," Yunis alisema. "Nikirudi naye watasema nina ng'ombe."

Akageuka. Jioni ile wajukuu walikunywa uji usio na maziwa, na jina lake lilikuwa bado limekatwa. Aliwaambia ukweli: huenda wakakosa vyote viwili, maziwa na ruzuku. Kisha akalala, na anasema alilala vizuri, jambo ambalo ni vigumu kuliamini, lakini Yunis hana tabia ya kusema uongo.

Kwenye mkutano wa pili Apolinary alisimama mwenyewe akaomba jina lake litolewe. Waliokaa karibu wanasema Tabitha alimpiga kiwiko, lakini alisimama. Gody, aliyekuwa amekwenda kukagua zizi tupu, akalisoma jina la Yunis, na safari hii hakuna aliyepinga. Mwenyekiti wa kitongoji, kwa aibu kidogo, akamuuliza: "Mama, sasa kwa nini siku ile hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini tena hata na kuku?"

Uwanja ulicheka, kisha ukapiga makofi, na makofi yale yalikuwa ya heshima. Malipo ya kwanza yalipofika, Yunis alinunua gunia la mahindi na sare ya Rebeka. Rebeka hajakosa shule tangu siku hiyo.

Wiki ileile alikuja mgeni, Faustine, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kijiji cha pili. Alimsifu sana, akakohoa, akasogeza kigoda. Habari za mdomo wa Yunis unaotunza siri zilikuwa zimemfikia, na yeye alikuwa na ng'ombe watatu aliotaka kuwawekesha kwa mtu mwaminifu, wasijulikane.

"Nitawapokea," Yunis alisema, "na mwezeshaji nitamwambia kabisa kwamba si wangu. Ila siku ya kuwaleta, njoo na mkeo."

Faustine alisema atakuja naye. Mpaka leo hajarudi.