Mita Kubwa ya Ndugu Yangu

Aliyeniharibia jina ni ndugu yangu wa tumbo moja. Sitamficha. Ni fundi wa mifereji hapa Othaya, na pia yuko kwenye kamati ya mradi wetu wa maji.

Mradi uliposema kila boma linunue mita, nilimwendea. Mimi shule niliacha mapema. Akanitolea mita ya inchi moja, nzito, iliyobaki alipofanya kazi kwenye hoteli moja mjini Nyeri.

"Lakini jirani amewekewa ya nusu inchi," nikamwambia.

"Dada, kubwa ni kubwa. Ama unataka ya watoto?"

Nikacheka. Akaifunga.

Sasa, maji yetu huingia kwa tangi polepole, kama uzi. Tangi lilijaa, ng'ombe wakanywa, sukuma wiki ikanawiri, na mita ikalala. Miezi mitatu msomaji wa mita aliandika namba ile ile.

Kwenye mkutano mwenyekiti akauliza, "Ati ng'ombe wa huyu mama wanakunywa nini? Umande?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema wazi: mwizi wa maji. Nikamtazama ndugu yangu, nikingoja aeleze. Alikuwa anakwangua matope kwa kiatu. Walipouliza nani anataka nikatiwe maji, mkono wake ulikuwa juu.

Nikaanza kubeba maji ya mtoni kwa mgongo, kamba kichwani, kama mama yetu zamani. Yeye alinipita njiani na pikipiki. Akapiga honi.

Aliyenifungua macho ni fundi mzee wa Kiganjo, niliyemwita aikague mita. Wangu ulikuwa umekatwa, basi aliipeleka mita yangu kwa mfereji wa jirani, akaita kamati ione. Akafungua maji kidogo. Mtungi wa lita ishirini ukajaa, kigurudumu cha mita hakijatikisika. Akafungua yote, kikazunguka.

"Hii ni ya hoteli," akasema. "Maji kidogo haiyasikii. Ya nyumba ni nusu inchi. Fundi yeyote anajua hivyo."

Wote wakamgeukia ndugu yangu. Akasema ana simu ya kupokea.

Nilirudishiwa maji, na yule mzee akanifungia mita ndogo. Hakuna aliyesimama mkutanoni kuniondolea lile jina. Kanisani kuna mama bado huniuliza, nikishika kikombe cha chai, kama nimeyaandikisha hayo maji.

Ile mita kubwa nimeegemeza nayo mlango wa kuku. Ndugu yangu akija, huiruka bila kuitazama, halafu anasema, "Dada, niko na kiu."

Namwonyesha mtoni.