Ng'ombe wa Paskazia

Mwalimu wa kompyuta hufika kabla ya kengele na kufuta vumbi kwenye mashine zote sita kwa kipande cha kanga, polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Ile ya dirishani huiwasha mwenyewe. Ng'ombe mwekundu hutokea kwenye kioo, hutembea kuelekea lamboni, kisha husimama hatua moja kabla ya maji. Hapo ndipo Paskazia, mwanafunzi aliyemtunga ng'ombe huyo kwa amri za kompyuta, alipoishia, siku baba yake alipoihamisha familia kufuata machimbo mapya ya dhahabu. Huu ni mwaka wa pili. Mageni, mwanafunzi anayekaa kwenye mashine hiyo sasa, alichoka kumwona ng'ombe akishinda na kiu. Jana akaongeza amri moja tu. Ng'ombe akafika, akainama, akanywa.

"Mwalimu, nimemmalizia."

"Umeweza, mwanangu," akasema mwalimu kwa ile sauti yake ya chini, asiyoipandisha hata darasa likichafuka. Akamrudisha ng'ombe mwanzo, akamtazama akinywa, akamrudisha tena. Mara ya tatu, vidole vyake vyenye chaki kwenye kucha vikaifuta ile amri.

"Huyu ana mwenyewe," akasema. "Atakuja kumnywesha."